Kukagua nyumba mpya kabla ya kumalizia malipo: anza na maji, rangi iache mwisho

Mwongozo huu ni wa mtu anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa, hasa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, na bado ana awamu ya mwisho ya malipo mkononi. Awamu hiyo ndiyo nguvu yako yote. Ikishatoka, fundi aliyekuwa anapokea simu mlio wa kwanza huanza kuwa safarini.

Watu wengi hukagua kwa nusu saa: wanapita vyumbani, wanagusa makabati, wanasifia jipsamu, wanaondoka. Mambo hayo huonekana kwa macho na hurekebishwa kwa bei ndogo. Kinachogharimu kimefunikwa na rangi, marumaru na dari, na kinajionyesha kikipewa maji au umeme na muda wa kutosha. Kwa hiyo ratiba ya ukaguzi hupangwa kwa muda ambao kila jaribio linahitaji. Linalotaka saa 24 linaanza asubuhi ya kwanza, la dakika 5 linasubiri.

Kabla hujafika

Tenga siku mbili zinazofuatana. Mwandikie muuzaji mapema, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba unataka siku hiyo tangi liwe limejaa, LUKU iwe na uniti, mifuniko ya chemba (vishimo vya kukagulia bomba la maji taka) iweze kufunguka, na ngazi ya kufika darini iwepo. Akikujibu kwamba umeme "bado kidogo tu", ahirisha. Nyumba isiyo na maji wala umeme haikaguliki, inatazamwa tu.

Beba ndoo mbili za lita 20, tochi kali, tepe ya mita 5, pima maji ya fundi mwashi, mpira wa kumwagilia bustani, matambara na vipande vya nailoni, penseli, gundi ya karatasi wanayotumia wapaka rangi, sarafu, kadi ya benki iliyokwisha muda, na kipima soketi chenye taa tatu, kile cha kuchomeka tu. Ukiweza, mlipe fundi bomba na fundi umeme wako mwenyewe kila mmoja kwa nusu siku. Fundi aliyejenga nyumba hawezi kuwa shahidi wa kazi yake.

Asubuhi ya kwanza: jaza bafu maji

Ziba tundu la kutolea maji la bafuni kwa tambara lililoviringishwa ndani ya nailoni. Mwaga maji mpaka sakafu iwe na kina cha sentimita 2 au 3, bila kuvuka kizingiti cha mlango. Bandika kipande cha gundi ukutani, chora mstari mahali maji yalipofika, andika saa. Fanya hivyo kila bafu, halafu yaache saa 24.

Kesho yake tazama mambo matatu. Kwanza mstari: maji yakishuka milimita chache ni mvuke, yakishuka sentimita nzima yamekwenda mahali. Pili, upande wa nyuma wa kuta za bafu, chini kabisa karibu na sakafu, kwa sababu ukuta wa chumba cha kulala unaopakana na bafu ndio huanza kubadilika rangi. Tatu, kama ni ghorofa, dari ya chumba kilicho chini.

Kuna sababu jaribio hili linatangulia mengine. Marumaru na saruji ya kujazia mianya yake havizuii maji, vinapunguza kasi tu. Kinachozuia ni dawa ya kuzuia maji inayopakwa juu ya zege kabla ya marumaru, ikapanda ukutani angalau sentimita 15 na kwenye kona ya kuogea ikapanda hadi juu ya usawa wa bomba la mvua. Ikirukwa, hakuna atakayejua siku ya makabidhiano, na dawa yake baadaye ni kubomoa marumaru zote na kuanza upya. Muuzaji atakwambia ataongeza silikoni pembeni. Usikubali. Silikoni inaziba mwanya wa juu, lakini maji yaliyokwisha kuingia chini yatabaki yanazunguka.

Baada ya saa 24 fungua tundu, maji yaondoke. Subiri dakika 10. Dimbwi linalobaki linaonyesha sakafu haikupewa mwinuko. Kona ya kuogea inahitaji kushuka kati ya sentimita 1 na 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu.

Wakati bafu linasubiri: mabomba

Funga koki zote, hakikisha visima vya flashi vyooni vimejaa, kisha piga picha mita ya maji. Rudi baada ya saa moja. Kama namba imesogea, au kigurudumu kidogo cha mita kinazunguka, kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta au ardhini. Sehemu ya nyumba inayolishwa na tangi haipiti kwenye mita, kwa hiyo hapo funga maji yanayoingia tangini na pima kina kwa kijiti kutoka mdomoni jioni, halafu pima tena asubuhi. Kwa tangi lenye kipenyo cha mita 1, sentimita moja iliyoshuka ni karibu lita 8.

Sasa pima nguvu. Weka ndoo ya lita 20 chini ya kila koki ukitazama saa. Ikijaa kwa dakika 2 una lita 10 kwa dakika, inatosha. Fungua koki mbili kwa pamoja uone bomba la mvua linabaki na nini. Kama nyumba nzima ni dhaifu, tatizo ni urefu wa mnara wa tangi: kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa takriban bari 1 tu, na tangi lililokaa mita 2 juu ya bomba la mvua halitafanya muujiza bila pampu. Lakini kama koki moja ndiyo dhaifu na jirani yake ina nguvu, shuku kiungo cha bomba la PPR, lile la plastiki linalounganishwa kwa kuchomwa. Fundi akilichoma kupita kiasi au kulisukuma mno, plastiki iliyoyeyuka hujikusanya ndani na kubana tundu. Hilo halijirekebishi kwa kubadilisha koki, ingawa ndilo pendekezo la kwanza utakalopewa.

Maji taka yanastahili muda zaidi. Fungua chemba zote. Mtu mmoja amwage ndoo nzima chooni kwa mara moja pamoja na karatasi, mwingine asimame kwenye chemba. Maji yafike kwa kishindo, karatasi ipite, na chini ya chemba pasibaki bwawa. Bomba la inchi 4 linataka kushuka kati ya sentimita 1.7 na 2.5 kwa mita. Likiwa tambarare, uchafu unalala njiani. Maji yakija polepole na kwa mikoromo, mara nyingi ni mabaki ya ujenzi: mafundi huosha karai na kumwaga saruji kwenye tundu lililo karibu, nayo huganda ndani ya bomba. Mmiliki wa baadaye ndiye anayelaumiwa kwamba familia yake inatupa vitu chooni.

Nusa bafuni na jikoni. Harufu katika nyumba ambayo haijakaliwa inaweza kuwa tu maji ya kwenye kiwiko cha bomba, yale yanayozuia harufu isipande, yamekauka. Mwaga maji, rudi baada ya saa chache. Ikiendelea, yawezekana kiwiko chenyewe hakikuwekwa. Chini ya sinki kinaonekana kwa macho. Cha sakafuni, inua kichujio umulike: unatakiwa kuona maji yamesimama, kina cha kama sentimita 5.

Malizia kwa shimo. Muuzaji afungue mfuniko wa tangi la maji taka na wa shimo la kunyonya maji. Tangi liwe na vyumba viwili na bomba la hewa, na mfuniko wake uwe mahali ambapo mpira wa gari la kunyonya unafika. Shimo la kunyonya ambalo halijawahi kutumika linapaswa kuwa kavu. Ukikuta maji, hayo ni maji ya ardhini, na masika ikija shimo halitakuwa na pa kuyapeleka ya kwako. Kama kiwanjani kuna kisima, pima umbali kati yake na mashimo hayo. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30, na kisima cha jirani nacho kinahesabika.

Paa, hasa lile lililofichwa

Mtindo wa sasa ni paa lililofichwa nyuma ya ukuta, nyumba ionekane kama boksi. Linapendeza, nasi hatulipingi, ila lina hatari ambayo paa la kawaida halina. Paa la kawaida likifurika, maji yanamwagika nje. Hili likifurika, ukuta wa nje ni mrefu kuliko gata (mfereji wa maji ya paa), kwa hiyo maji yanarudi ndani, juu ya dari yako.

Panda juu. Hesabu matundu ya kutolea maji kwenye kila gata: moja peke yake halitoshi, kwa sababu siku likizibwa na majani au mpira wa watoto hakuna njia nyingine. Tafuta pia tundu la dharura lililotobolewa ukutani, chini kidogo ya usawa wa ukingo wa ndani wa gata, litoe maji nje kabla hayajarudi ndani. Likikosekana, liandike namba moja kwenye orodha yako, kwani kulitoboa ni kazi ya saa chache na linaokoa dari nzima. Kisha ziba matundu, jaza gata kwa mpira wa maji, subiri saa mbili, na mtu awe darini na tochi. Ukifungua, tazama kama maji yanaondoka yote au yanabaki katikati.

Kwenye mabati tazama skrubu. Zinatakiwa kupigwa juu ya mgongo wa bati, kwani bondeni ndiko maji yanakopita. Mpira wa skrubu uwe umekaa vizuri: ukibinywa mpaka kutokeza pembeni utapasuka kwa jua, ukiwa na nafasi maji yatapita leo. Bati linapopandana na jingine kwa urefu lipandane walau sentimita 15, na zaidi paa likiwa na mteremko mdogo. Muulize muuzaji geji na udai risiti. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, kwa hiyo geji 30 ni jepesi kuliko 28, na kuna watu wanaouziwa kinyume chake.

Ingia darini saa sita mchana, zima tochi. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Washa tochi, tazama kenchi, yaani mbao zinazobeba paa: mbao ziwe zimetiwa dawa, zisiungwe hewani bila kipande cha kushikilia pande zote mbili, na zifungwe kwenye boriti ya juu ya ukuta kwa vyuma au mkanda, maana upepo hulivuta paa kwenda juu. Unga laini wa mbao juu ya jipsamu ni wadudu tayari. Alama za kahawia kwenye jipsamu upande wa juu ni mvua iliyokwisha kuingia, hata kama upande wa chini umepakwa upya. Katika nyumba mpya, dari yenye kiraka kimoja cheupe kuliko pengine inahitaji maelezo.

Kuta: nyufa zipi ni za kuogopa

Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kama ramani ya mito, ni plasta iliyokauka haraka bila kumwagiliwa. Si hatari. Ufa wa mlalo au wima unaofuata mstari wa nguzo, pale tofali linapokutana na zege, pia ni wa kawaida. Kulitakiwa kuwekwa wavu kabla ya plasta, na unatengenezeka.

Wa kuogopa ni ufa unaotoka kona ya dirisha au mlango ukapanda kwa mshazari, au unaoshuka kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, na unaonekana ndani na nje mahali pale pale. Huo unasema msingi umeshuka upande mmoja, au linta (boriti ya juu ya dirisha au mlango) haikuvuka nafasi ya kutosha kila upande. Chukua kadi ya benki: unene wake ni karibu milimita 0.76. Ikiingia ndani ya ufa wa namna hiyo, simamisha malipo mpaka mhandisi aliyesajiliwa na ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) aangalie. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa na tarehe, hata kama mtaziba. Uwe mkali zaidi kiwanja kikiwa cha udongo wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi.

Gonga plasta kwa ukingo wa sarafu, ukienda mstari kwa mstari. Sauti ya kigoma ni plasta iliyoachana na tofali. Kiraka cha kiganja kivumilie, cha ukubwa wa mlango kibomolewe.

Kisha piga magoti. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia chini, na mara nyingi hauvuki mita moja. Utaona rangi imevimba, au unga mweupe wa chumvi unaofutika kwa kidole na kurudi. Chanzo ni nailoni ya kuzuia unyevu iliyokosekana juu ya msingi, udongo wa nje uliorundikwa kupita usawa wake, au mchanga wa chumvi uliotumika kwenye mchanganyiko, jambo lisilo geni pwani. Rangi mpya juu ya ukuta wa namna hiyo inadumu msimu mmoja. Kama kuta zote zimeng'aa lakini harufu ya rangi ya jana iko chumba kimoja tu, anzia chumba hicho.

Kwenye slabu, nguzo na boriti zinazoonekana, tafuta madoa ya kutu na sehemu zenye matundu ambapo kokoto zimebaki bila saruji. Nondo inahitaji kufunikwa na zege la milimita 20 hadi 25 hata ndani ya nyumba, na zaidi nje, karibu na bahari. Nondo iliyokaribia uso hupata kutu, kutu inavimba, zege linabanduka.

Umeme

Chomeka kipima soketi kila soketi, bila kuruka ya nyuma ya friji. Taa zake zitaonyesha kama ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) haipo au laivu na nyutro vimegeuzwa. Ethi iliyokosekana ni jambo la kawaida kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu bila ethi kila kitu kinawaka vizuri mpaka siku jiko linapopata hitilafu na mtu akaligusa. Nje, tafuta kijishimo cha ethi rodi, hakikisha waya umebanwa kwa kibanio na haukusokotwa kwa mkono.

Kwenye boksi la breka bonyeza kitufe cha T. Kifaa cha kukata umeme unapovuja lazima kianguke papo hapo. Cha kulinda watu ni cha miliampia 30, imeandikwa usoni. Kama hakipo, kidai.

Fundi wako afungue boksi alinganishe nyaya na breka. Taa hutumia waya wa milimita 1.5 za mraba, soketi 2.5. Tatizo kubwa ni hita ya bomba la mvua: ya wati 5,500 kwa volti 230 inavuta karibu ampia 24, na inataka waya wake peke yake, usiopungua milimita 4 za mraba. Ikiungwa kwenye waya wa soketi, breka itakuwa inakatika, kisha mtu "ataitatua" kwa kuweka breka kubwa zaidi, na hapo ndipo waya unapoanza kuungua ndani ya ukuta. Washa hita, pasi, jiko na viyoyozi kwa pamoja kwa dakika 30, kisha nusa boksi na uguse uso wa breka. Uvuguvugu sawa, moto hapana.

Dai fomu ya fundi aliyefunga nyaya, mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji). Angalia lakiri ya TANESCO kwenye mita, uingize uniti kidogo ukiwa pale: kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, na malimbikizo au deni la mita litajitokeza kwenye risiti.

Sakafu, milango, madirisha, uwanja

Haya yanakwenda haraka. Gonga marumaru kwa mpini wa bisibisi. Zinazolia tupu zilibandikwa kwa madonge matano badala ya kupakwa chini nzima, na zitapasuka kiti kikiangukia kona. Zihesabu, uweke gundi kwenye kila moja. Milango ifunguke bila kukwaruza na ibaki palepale unapoiachia. Ukiona inajifunga yenyewe, fremu haiko wima. Gusa ukingo wa juu na wa chini wa mlango wa mbao: kama haukupigwa vanishi, utavimba masika. Madirisha ya alumini yamwagie maji kwa mpira kutoka nje kwa dakika 5, uone kama vitundu vya chini vya fremu vinayatoa nje au yamezibwa kwa plasta.

Nje, sakafu ya ndani iwe juu ya ardhi walau sentimita 15, na ardhi iteremke kuukimbia ukuta. Tazama kuta za majirani kama zina mstari wa matope, na waulize maji ya masika hupita wapi. Kama kuna mto au bahari karibu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60. Nyumba iliyo ndani ya eneo hilo usiendelee nayo, iwe nzuri kiasi gani.

Orodha, pesa na marudio

Kila kasoro iandikwe: chumba, mahali, picha, nani anarekebisha, lini. Pande zote mbili ziweke saini. Linganisha nyumba na ramani iliyogongwa muhuri kwenye kibali cha ujenzi, kwani chumba kilichoongezwa baadaye mara nyingi hakina msingi sawa na vingine. Upekuzi wa hati ya ardhi uwe umefanywa na wakili wako kabla ya yote haya.

Katika mikataba ya ujenzi ni kawaida kuzuia asilimia 5 hadi 10 ya bei mpaka kipindi cha kasoro, yaani muda ambao mjenzi anawajibika kuzirekebisha, kiishe. Kwa nyumba ya kununua hupewi hilo bila kuliomba, kwa hiyo liombe, pesa zikae kwa wakili. Kipindi kikiwa miezi 6 kinaweza kuanza Juni na kuisha bila kuonja masika hata moja. Andika mkataba uvuke Mei.

Marekebisho yakikamilika rudia jaribio lile lile, si kutazama tu: bafu lililotengenezwa lijazwe tena saa 24. Siku ya funguo, badilisha vitasa vya milango ya nje jioni hiyo hiyo, maana mafundi wa rangi, wa jipsamu na wa alumini wote waliwahi kuwa na nakala.